Mbuzi wa Kpandroma na Mabati Kumi na Moja

Siku niliyoshuka ngazi mara ya mwisho, ninyi vijana wa kikundi chetu cha mafundi mlinipa zawadi ya mwavuli. Mkatoa na hotuba. Mpaka leo sijajua kama ilikuwa heshima au matusi, na nilipowatazama usoni niliona hata ninyi hamjaamua. Miaka zaidi ya thelathini nimeezeka nyumba za Bunia na za vijiji vya kando, halafu mnaniaga kwa mwavuli. Nimeupokea. Goti langu la kushoto lilistaafu kabla yangu, na mtu asiyeweza tena kupanda paa lake mwenyewe hana haki ya kudharau mwavuli.

Mmeniomba niandike mambo ya kazi kabla sijaanza kuyatia chumvi. Kwa chumvi mmechelewa. Lakini kuna swali ambalo watu wananiuliza kila wiki, sokoni, kanisani, hata msibani marehemu akiwa bado ndani: "Papa Kambale, mutu anajuaka namna gani fundi wa kweli wa paa?" Nitalijibu kwa njia ndefu. Njia fupi nilishaijaribu na hakuna aliyenisikia.

Nilifika Bunia kutoka Butembo nikiwa kijana, nimeleta vitunguu vya kuuza. Lori lilikwama kwenye matope siku nyingi, vitunguu vikaoza, nikaingia mjini na magunia ya harufu. Mtu aliyenihurumia alikuwa Muzee Ukumu, fundi wa paa kutoka Mahagi, mfupi, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake. Alikuwa anatafuta mtu wa kumsaidia juu. Aliniuliza swali moja tu.

"Weye, ukianguka, nani atalia?"

Nikamjibu kwamba ni mama yangu, lakini yuko mbali.

"Bon," akasema. "Utafaa."

Huo ndio ulikuwa mtihani wote wa kuingia kazini, na ninyi mnalalamika mkiulizwa cheti.

Mwezi wa kwanza sikushika nyundo. Nilikata kandambili. Leo misumari ya mabati inakuja na mpira wake shingoni kama bwana harusi na tai yake. Zamani mpira tulikata wenyewe kutoka kwenye kandambili zilizochakaa, vipande vidogo vya duara, kimoja chini ya kila msumari, ili maji yasipenye pembeni. Za bluu zilikuwa bora. Nyekundu hupasuka jua likizipiga. Nadhani nimekata viatu vya nusu ya mji, na vingine wenyewe walikuwa bado wanavitafuta.

Kisha Muzee Ukumu akanifundisha jambo moja ambalo ndilo kazi yenyewe. Bati lina migongo na mabonde. Maji ya mvua hutembea bondeni. Kwa hiyo msumari unapigwa mgongoni, hata siku moja usipigwe bondeni.

"Maji iko muvivu," alisema. "Inapitaka mu bonde tu. Sasa weye usiende kuiwekea mulango mule."

Tatizo ni kwamba mgongoni chini yake kuna uwazi. Ukipiga kwa nguvu, bati linabonyea, na lazima ugonge taratibu, ukisikiliza. Bondeni bati limelala juu ya mbao, mapigo mawili msumari umeingia na wewe unasogea. Kila fundi mvivu duniani analijua bonde.

Nilikuwa na tabia ya kushika misumari mdomoni, mitano au sita, huku naimba kwa pua. Muzee Ukumu alichukia sana. "Siku moja utameza," alisema, "na usikuye kulia kwangu. Mi sitatafuta musumari pale fasi itatokea." Tabia hiyo haikunitoka, hata nikiwa natafakari tu ninatia msumari mdomoni, mke wangu Masika ni shahidi.

Sasa nizungumzie mbuzi. Mnajua desturi yetu: siku ya kufunika nyumba, mwenye nyumba anawachinjia mafundi mbuzi. Mbuzi anafungwa asubuhi mahali ambapo kila aliye juu ya paa anamwona, ili tufanye kazi kwa moyo. Mimi nasema mbuzi wameharibu mapaa mengi katika Ituri kuliko upepo. Upepo angalau haunukii.

Tulipata kazi Kpandroma, juu kule kwenye ubaridi, kwa mkulima mmoja wa viazi aliyeitwa Papa Ngabu. Mtu mpole, mcheshi, na mke kijana mwenye mtoto mgongoni. Nyumba ya mabati ishirini na mawili, kumi na moja kila upande. Upande wa kwanza tulipiga pamoja, mimi na Muzee Ukumu, ukatoka mzuri. Siku ya pili tumbo likamshika muzee, akahamia chooni kwa jirani. Kutoka mle ndani alinipigia kelele: "Kambale, maliza! Polepole!"

Nilianza polepole. Kweli nilianza. Lakini kabla ya saa sita wakamchinja mbuzi, wakaweka nyama motoni, na Kpandroma hewa ni baridi, harufu inapanda moja kwa moja. Nikatazama mgongo, nikatazama bonde. Mabati yote kumi na moja nikayapiga bondeni. Nilishuka kabla jua halijainama. Muzee Ukumu akatoka chooni amekonda, akaangalia akiwa chini, na ukiwa chini huwezi kujua msumari umeingia mgongoni au bondeni. Akanipigapiga begani. Tukala. Asubuhi tukaondoka, mvua bado haijanyesha, na mimi nilikuwa nimeshiba vizuri sana.

Sikumwambia Muzee Ukumu. Alikufa miaka mingi baadaye akinisifu.

Baada ya hapo nilipiga kila msumari mgongoni, na ninyi mnakumbuka nilivyokuwa nawanyang'anya nyundo mkionekana karibu na bonde. Mlifikiri ni hekima. Ilikuwa ni mbuzi.

Miaka iliyofuata nilikutana na wateja wa kila namna. Kulikuwa na mchungaji mmoja aliyekataa tufunge shevro, zile mbao zinazobeba paa, ukutani kwa waya, akisema imani itashika. Nikamwambia, "Pasta, imani ni yako, waya ni yangu, tutumie zote mbili." Akakataa. Upepo ulilichukua lile paa zima ukalilaza kwenye shamba la mihogo la mama mmoja wa kanisa lingine, na yule mama akakataa kulirudisha siku tatu, akisema vitu vinavyoshuka kutoka mbinguni vina mwenyewe mpya.

Wengine walinifundisha namna mteja mwenye akili anavyochagua fundi. Mama mmoja muuza samaki hakuniuliza bei wala miaka ya kazi. Aliniomba nimwelekeze nyumba tatu nilizoezeka, akasubiri mvua, akaenda mvua ikinyesha, akaingia na kumuuliza mke wa nyumba. Siyo mume. Mume atasema paa ni zuri kwa sababu yeye ndiye aliyelipa. Mke ndiye anayetega beseni. Yule mama aliangalia pia ngazi yangu, kama imefungwa vizuri au imefungwa kwa matumaini. Na mwisho aliniuliza fundi aliyenitangulia alikuwa mtu wa namna gani. Yule fundi nikamtukana sana. Akanifukuza. Wakati ule nilimwona hana adabu.

Nilimwelewa siku nilipokutana na Mama Ngabu.

Ni miaka michache tu imepita. Watu wengi walikuwa wameteremka Bunia kutoka Djugu, Kpandroma ikiwemo, wakikimbia vita, mnavijua na sina haja ya kueleza. Waliopata nafasi waling'oa mabati wakaja nayo, kwa sababu ukuta wa udongo utaujenga popote, lakini bati ukiliacha hulikuti. Mama Ngabu alitoa yote ishirini na mawili. Mume wake hakufika Bunia. Kule kwenye kambi ya wakimbizi mabati yale yalikuwa ukuta, yalikuwa mlango, yalikuwa kitanda. Kisha ndugu yake akampa kipembe cha parsele, kiwanja chake cha upande wa Yambi, akasimamisha kuta za vyumba viwili: yeye, watoto wake wanne, na wawili wa dada yake marehemu. Kilichobaki kilikuwa paa, na mawingu yalikuwa yameshaanza kukusanyika.

Mafundi wawili walitangulia kabla yangu. Wote wawili walisema neno moja: kumi na moja ni mazima, kumi na moja ya kutupa, yametobolewa mabondeni. Maana yake chumba kimoja kwa watu saba. Hela ya bati jipya hakuwa nayo.

Nilipofika alikuwa amekaa juu ya lile rundo kama mtu anayelinda ng'ombe. Mimi sikumtambua. Kpandroma nilikuwa nimetazama mbuzi zaidi kuliko watu. Nikavuta bati la juu, nikaliinua kwenye mwanga, nikatia msumari mdomoni ili nifikiri, nikaanza kuimba kwa pua.

Matundu yalikuwa bondeni. Kila mwisho wa bati matundu mawili yamekaribiana kama macho, na hiyo ilikuwa tabia yangu mimi, hakuna fundi mwingine anayepiga hivyo. Kwenye tundu moja kulikuwa kumebaki kipande kidogo cha kandambili ya bluu.

Nikaacha kuimba. Niliona aibu hadi masikio yakawa ya moto, na mimi si mtu wa aibu.

"Unaona hii kazi?" Mama Ngabu akauliza.

"Minaiona, mama."

"Ni ya fundi mumoja wa hapa Bunia. Bwana yangu alimuchinjia mbuzi. Alikula, akaenda, mvua ikanyesha juu ya kitanda. Miaka yote ile siye tulilalaka upande moja tu ya nyumba. Weye unasema nini juu ya ile fundi?"

Nilikuwa na maneno mengi tayari. Nilijua namna ya kumtukana yule fundi kuliko mtu yeyote, habari zake zote nilikuwa nazo. Lakini nikautoa tu msumari mdomoni.

"Nitarudi kesho," nikasema, nikaondoka karibu mbio.

Wakati wa chakula nikamweleza Masika. Alicheka mpaka akaweka sahani chini. Kisha akaona mimi sicheki.

"Unaogopa nini? Atakupiga?"

"Nikimwambia atanifukuza. Ataita mwingine, yule atatupa mabati kumi na moja, batu watalala saba mu chumba moja juu ya kosa yangu mimi."

"Na usipomwambia?"

"Nitaitengeneza, atanishukuru, nitarudi nyumbani."

"Ile aksanti yake utaiweka wapi?" Masika akauliza, akachukua sahani yake tena.

Nilikuwa nimeshajua namna ya kuyaponya, na hili ndilo naomba mlishike, ninyi mnaopenda kutupa. Bati ukiligeuza tumbo juu, bonde linakuwa mgongo. Ukingo mmoja umeinama na mwingine umeinuka, kwa hiyo hata likigeuzwa bado linalaliana na mwenzake. Na mimi nilikuwa nimeyakosea yote kumi na moja sawasawa, bila kuruka hata moja. Ningechanganya, msumari mmoja mgongoni, mmoja bondeni, yasingefaa hata kwa banda la kuku. Uvivu wangu ulikuwa na nidhamu. Matundu ya kambini yalikuwa machache, hayo tungeyaziba kwa mpira na lami.

Asubuhi nikafika na ngazi begani. Mama Ngabu alikuwa anachagua maharage kwenye ungo. Nikasimamisha ngazi ukutani, nikaishika kwa mikono miwili.

"Mama, mbele ya musumari ya kwanza, miko na neno."

"Sema."

"Ile fundi wa Kpandroma ni mimi."

Aliendelea kuchagua maharage. Akatupa jiwe moja, akatupa la pili.

"Minajua," akasema.

"Unajua?"

"Tangu jana. Umekuwa munene, nywele imekwisha, lakini bado unaimbaka na musumari mu kinywa kama nyuki mu mutungi. Nani mwingine anaimbaka vile?"

"Sasa juu ya nini haukusema?"

"Ni mimi nilitoboa? Ilikuwa kazi yako kusema, hapana yangu." Akaweka ungo chini. "Bale mafundi babili niliwauliza ile swali. Mumoja alisema ni mulevi. Mwingine alisema ni mujinga. Weye ulisema utarudi kesho. Nikasema, aya, tuone kama kesho yake iko na miguu. Lakini ungepiga musumari moja tu mbele ya kusema, ningekuangusha pamoja na ngazi yako."

Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, na nikaitazama mikono yake nikaamini.

"Sasa," akasema, "unajua kuiponya ao ulikuya kutubu tu? Kama ni kutubu, kanisa iko kule."

Nikamweleza habari ya kuligeuza bati. Alichukua bati moja, akaligeuza, akaliinamisha kwenye ukuta, akaleta kopo la maji na kuyamimina juu taratibu. Maji yakashuka bondeni mpaka chini, matundu yangu yakiwa yamekaa mgongoni makavu. Akamimina kopo la pili. Akainama akachungulia kwa chini, akapapasa kwa kiganja.

"Panda," akasema. "Lakini mbuzi haiko. Mbuzi yako ulikwisha kula. Hii mara ni kuku, na atakufa kisha mvua kupita."

Nilifanya kazi siku tatu, goti likilia, kila msumari mgongoni, kila mmoja taratibu. Kuku alikuwa amefungwa mguu karibu na ukuta. Sikumtazama hata mara moja. Paa likatoka la rangi mbili: upande mmoja kutu, na upande ule mwingine unang'aa, kwa sababu tumbo la bati halikuwa limeona jua miaka yote. Mnaopita Yambi mnaliona. Mmeshaniuliza mara ngapi ni mtindo gani ule, na mimi nikawajibu ni mtindo wa kizungu. Sasa mnajua.

Mvua ilikuja siku ya nne, baada ya chakula cha mchana. Mama Ngabu alikuwa ameazima mabeseni kwa majirani, akayapanga saba sakafuni, mbele yangu, bila haya. Tukakaa wote ndani: yeye, watoto sita, mimi. Ilipiga mpaka mtu hasikii mwenzake. Mimi nilikuwa natazama mabeseni. Yeye hakuyatazama, alikuwa ananitazama mimi. Nilipoinua macho kwenye pembe moja mara mbili, akanyanyuka, akachukua beseni akalihamishia pale pale.

Mvua ikakatika. Akapita kwenye beseni moja moja akitia kidole. La kwanza kavu. La pili kavu. Alipofika kwenye lile la pembeni, mimi nikiwa nimekaa karibu nalo, akainua kidole.

"Hapa iko tone moja."

Nikapanda juu ya kiti, nikapapasa bati, nikapapasa mbao. Kavu. Nikashuka, nikajifuta uso.

"Mama, hiyo ni jasho yangu."

Akanitazama, akatazama beseni, akacheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, na watoto wakacheka kwa kumwona yeye. Kisha kicheko kikaisha ghafla, akakaa chini.

"Kila mvua," akasema, "tukisukuma kitanda, bwana yangu alisemaka: ile kijana atarudi kutengeneza. Mi nilimuchekaka. Nikamuuliza, atarudi juu ya nini? Akasema, mutu hawezi kula mbuzi ya mutu vile na asirudi. Mpaka tulipokimbia alikuwa anasema vile."

Nililia kidogo. Mama Ngabu akaniacha nilie, hakunibembeleza, akatoka kwenda kumchinja kuku.

Basi mkiulizwa fundi wa kweli anajulikanaje, waambieni watu wamuulize ni paa lipi aliloharibu. Akisema hakuna, wamshukuru na kumsindikiza barabarani. Akilitaja, wamuulize kama alirudi. Mimi nilichelewa kurudi. Papa Ngabu alikuwa na haki ya kuona.

Kuku alipoiva tulikula humo ndani, tumekaa sakafuni kati ya mabeseni makavu. Watoto wawili wa mwisho walikuwa wamemaliza mapema, wakabeba mkeka wao wakautandika chini ya yale mabati kumi na moja niliyoyageuza, wakajilaza mchana kweupe, macho wazi, wakijaribu tu kulala upande ule.